Chambo Laini Huvua Kikizama

Anayeanza kuvua kwa chambo cha plastiki laini huwa na haraka. Anakirusha, anakivuta mbio, anakirusha tena. Kumbe samaki wengi hukidaka wakati kinazama, kabla mvuvi hajavuta chochote.

Ziwa Naivasha linafaa sana kujifunzia hili. Besi wa mdomo mpana waliletwa huko kutoka Marekani mwaka 1929, na kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya Louisiana, wakafuata mwaka 1970, wakawa chakula kikubwa cha besi hao. Chambo chenyewe nacho kilizaliwa kwa ajili ya samaki huyohuyo: mwaka 1949 Nick Creme wa Akron, Ohio, alianza kutengeneza nyungunyungu wa plastiki. Siri yake ni ulaini. Samaki akiuma kitu kigumu hukitema papo hapo. Kilicho laini hukishikilia kidogo zaidi, na huo ndio muda pekee ulio nao.

Anza na ndoano yenye kichwa cha risasi cha gramu 5 hadi 7, na chambo cha sentimita 8 hivi chenye umbo la kamba, rangi ya kahawia au kijani kilichokolea. Rangi nyingine zitasubiri. Laza ndoano ubavuni mwa chambo, uweke alama kwa ukucha pale mpindo wake unapofika. Ingiza ncha katikati kabisa ya pua, isukume taratibu, itokeze mgongoni penye alama. Kisha kitazame kwa mbele. Kikiwa kimejikunja hata kidogo, kitazunguka majini na kuusokota mshipi wako, kwa hiyo kichomoe ukivishe upya. Kazi hii ya dakika moja naithamini kuliko fimbo ya bei kubwa.

Rusha karibu na ukingo wa mafunjo, kisha uache kizame, mshipi usikaze wala usilegee sana. Macho yako yawe pale mshipi unapoingia majini. Mshipi ukishtuka, ukisimama kabla chambo hakijafika chini, au ukianza kwenda upande, usingoje mkono uhisi kitu: kusanya mshipi uliolegea, uinue fimbo kwa nguvu. Mara nyingi besi hadonoi, anavuta maji na chambo kinaingia nayo.

Kikifika chini mshipi hulegea. Inua ncha ya fimbo shubiri mbili, ukiache kishuke tena, utulie. Kamba akitishwa huruka kinyumenyume kisha akatua, nawe unamwigiza yeye. Upepo ukikuzuia kujua kama kimefika chini, ongeza uzito. Vinginevyo tumia ulio mwepesi, maana kinachozama polepole hukaa machoni pa samaki kwa muda mrefu. Penye magugu mengi tumia ndoano isiyo na risasi, ncha yake ukiificha ndani ya mwili wa chambo.

Jioni ondoka kwenye njia za viboko, hata kama samaki wanakula. Vipande vilivyochanika rudi navyo nyumbani, kwa kuwa samaki huvimeza na tumbo lake haliwezi kuvisaga. Vizima vihifadhi katika mfuko vilimouziwa: mafuta yanayoilainisha plastiki hiyo huyayusha visanduku vya plastiki ngumu, na rangi moja huingia nyingine.