Canadiens, Timu ya Hoki ya Watu wa Quebec

Montreal Canadiens ni klabu ya hoki ya barafuni yenye makao yake Montreal, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Ilianzishwa tarehe 4 Desemba 1909, miaka minane kabla ya kuundwa kwa ligi ya NHL inayoshiriki leo, na hakuna timu ya kulipwa ya mchezo huu iliyodumu muda mrefu kuliko hiyo. Imetwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki hii, mara 24. Toronto Maple Leafs, wanaoifuata, wana makombe 13.

Katika hoki hii kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, mlinda lango akiwa mmoja wao. Huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini, na kwa magongo husukuma kisahani cha mpira mgumu kuelekea langoni.

Mwanzilishi wa klabu, Ambrose O'Brien, alitoka katika familia tajiri ya Ontario iliyochuma mali yake katika migodi na ujenzi wa reli, nayo ilizungumza Kiingereza. Hata hivyo aliiunda timu kwa ajili ya wazungumzaji wa Kifaransa. Hao ndio waliokuwa wengi mjini Montreal, lakini benki, viwanda na hata timu kubwa za hoki vilikuwa mikononi mwa wazungumzaji wa Kiingereza. Msimu wa kwanza Canadiens walishika mkia. Kombe la kwanza walilitwaa mwaka 1916.

Miaka ya mwanzo haikukosa misiba. Mwaka 1919 timu ilisafiri hadi Seattle, Marekani, kucheza fainali ya kombe, yenye mechi kadhaa, dhidi ya timu ya huko. Pande zote mbili zikiwa sare, homa kali ya mafua iliyokuwa ikiua mamilioni duniani iliwaangusha wachezaji, na mechi ya mwisho ikafutwa. Mlinzi Joe Hall alifariki hospitalini siku chache baadaye, na mwaka huo kombe halikupata mwenyewe. Mlinda lango Georges Vézina, aliyekaa langoni kwa miaka 15 bila kukosa mechi hata moja, alitoka uwanjani akiwa na homa mnamo Novemba 1925. Kifua kikuu kilimuua miezi minne baadaye. Tuzo ya mlinda lango bora wa ligi ina jina lake mpaka sasa.

Mtu aliyeibadili Canadiens kuwa zaidi ya timu ni Maurice Richard, mtoto wa fundi wa Montreal. Msimu wa 1944–45 alifunga mabao 50 katika mechi 50, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Machi 1955, katika ugomvi wa uwanjani huko Boston, alimpiga mwamuzi msaidizi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi zote zilizobaki za msimu, pamoja na za kuwania kombe. Adhabu hiyo ilikuwa na sababu, lakini kwa wengi wa Quebec ilionekana kama mzungumzaji wa Kiingereza akimkanyaga mtu wao. Tarehe 17 Machi Campbell alikuja kutazama mechi Montreal, katika Forum, ukumbi wa Canadiens. Watu wakamrushia nyanya na mayai, bomu la machozi likalipuka ndani, mechi ikavunjika, na umati ukavunja vioo vya maduka katika mtaa wa Sainte-Catherine hadi usiku wa manane. Kesho yake Richard mwenyewe aliomba utulivu kupitia redio. Wanahistoria wengi huona katika usiku huo dalili ya mageuzi ya miaka ya 1960, wakati wazungumzaji wa Kifaransa wa Quebec walipoanza kushika hatamu za uchumi na utawala wa jimbo lao.

Uwanjani, kipindi kilichofuata kilikuwa cha neema tupu. Chini ya kocha Toe Blake, Canadiens walitwaa kombe mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960, rekodi ambayo haijafikiwa. Walibadilisha hata sheria na vifaa vya mchezo. Zamani mchezaji aliyeadhibiwa alikaa nje dakika mbili kamili, wapinzani wafunge wasifunge. Novemba 1955 Jean Béliveau alifunga mabao matatu kwa sekunde 44, wapinzani wao Boston wakiwa pungufu kwa adhabu. Msimu uliofuata ligi ikaamua kwamba bao moja linatosha kumrudisha aliyetolewa. Tarehe 1 Novemba 1959 mlinda lango Jacques Plante alipasuliwa uso na kisahani mjini New York, akashonwa, na akakataa kurudi bila kinyago alichokuwa akikitumia mazoezini. Blake hakupenda, ila hakuwa na mlinda lango mwingine. Leo hakuna anayesimama langoni uso wazi.

Makombe mengine manne mfululizo yalikuja 1976 hadi 1979, enzi ya kocha Scotty Bowman na mfungaji Guy Lafleur. Msimu wa 1976–77 timu hiyo ilipoteza mechi nane tu kati ya 80.

Kombe la 24 lilipatikana 1993. Patrick Roy akiwa langoni, Canadiens walishinda mechi kumi mfululizo zilizoamuliwa katika muda wa nyongeza, zikiwemo za fainali, ambako waliifunga Los Angeles Kings ya Wayne Gretzky. Mwaka 1996 klabu iliihama Forum na kuingia katika ukumbi unaoitwa sasa Bell Centre. Ilirudi fainali mwaka 2021, ikafungwa na Tampa Bay Lightning kwa mechi nne kwa moja.