Jasi ya Makanya: mgodi unadaiwa nini na kijiji?

Kila mfuko wa saruji una jasi kidogo, kama asilimia 5 hivi. Bila jasi, saruji ingeganda fundi hajamaliza hata kupiga plasta. Makanya, wilayani Same, ni moja ya sehemu inakochimbwa. Mzigo unakwenda viwandani, mashimo yanabaki.

Je, mgodi ukileta madawati ni hisani? Hapana. Tangu 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na akubaliane na halmashauri. Mpango huo lazima uguse mazingira pia. Halmashauri ndiyo inasimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji usiulize, "Mtatusaidia nini?" Uliza, "Mpango wa mwaka huu uko wapi?"