Programu Isiyoelezeka Haijakamilika

Programu nyingi ambazo mafundi wa kompyuta huzitegemea hazina vitufe wala picha. Mtu huandika amri kwenye skrini tupu, hubonyeza Enter, na kompyuta hutii. Hapo hakuna cha kupapasa kwa macho: usichoelezwa hukijui. Ndiyo maana mwongozo mbovu huumiza zaidi hapa kuliko kwenye simu, na ndiyo maana nashikilia kwamba programu isiyoelezeka bado haijakamilika, hata kama inafanya kazi.

Waliotunga mfumo endeshi wa Unix walilijua hili mapema. Mwongozo wake wa kwanza ulitoka Novemba 1971 katika maabara za Bell Labs, Marekani, na kurasa zake zilikuwa na sehemu ya kutaja kasoro za kila amri waziwazi. Doug McIlroy, aliyekuwa mkuu wa watafiti hao, amesimulia kwamba kila toleo jipya la mwongozo lilipoandaliwa, watu walirudi kuzirekebisha programu zao, kwa sababu waliona haya kuchapisha mambo yasiyoelezeka kwa ufasaha. Kuandika kulikuwa kipimo cha kazi yenyewe. Kipimo hicho kingeifaa Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya mafaili iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kwa miaka mingi amri yake ya git checkout ilibeba kazi mbili zilizo mbali kabisa. Ukiipa jina la tawi, yaani mkondo mmojawapo wa kazi yako, inakuhamishia huko. Ukiipa jina la faili, inafuta mabadiliko ambayo hujayahifadhi na kurudisha toleo la awali, bila kukuuliza. Mwongozo uliyasema yote hayo, tena kwa urefu, lakini anayeanza aliondoka amechanganyikiwa, na haki yake. Agosti 2019, toleo la 2.23 lilizitenganisha: git switch ya kuhama tawi, git restore ya kurudisha faili. Tangu hapo kila moja inaelezeka kwa sentensi moja.

Wapo wanaosema programu hizi hutolewa bure na watu wanaojitolea, na kwamba asiyeelewa asome msimbo. La kwanza ni kweli na linastahili shukrani, lakini mifano michache iliyoandikwa vizuri huwaokolea maelfu muda wa kubahatisha. La pili halisimami. Msimbo huonyesha kompyuta inafanya nini, hausemi mtunzi alikusudia nini. Msomaji hawezi kujua kama anachokiona ni kanuni au ni kosa. Siku hizi husemwa pia kwamba akili mnemba itajibu. Itajibu kutokana na yaliyoandikwa, na yasipokuwepo, inaweza kubuni chaguo ambalo programu haijawahi kuwa nalo na kulitaja kwa uhakika uleule.

Mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD huhesabu kosa la mwongozo kuwa kosa la programu. Miradi mingine inaweza kuanza na dogo zaidi: anayetaka kufungua kifurushi kwa tar akute tar -xf picha.tar juu kabisa ya ukurasa, kabla ya ile orodha ndefu ya chaguo.