Krimu ya Nazi Inayosimama Toronto na Kuyeyuka Tanga

Ukioka keki za shughuli za Waswahili huku ughaibuni, hukosi mgeni ambaye maziwa yanamvuruga tumbo. Waokaji wengi humtengenezea krimu ya majarini na sukari ya unga. Kikombe kimoja cha mafuta hubugia vikombe vitatu au vinne vya sukari, na ukila kipande, utando unakuganda kwenye kaakaa mpaka ushushie chai ya moto. Sisi watu wa nazi tuna njia nyepesi zaidi.

Wepesi wa krimu ni hewa, na hewa inataka kitu cha kuishika. Krimu ya ng'ombe ikichapwa ikiwa baridi, chembe za mafuta hushikana kuzunguka mapovu na kuyajengea kuta. Ndiyo maana krimu ya kuchapa huwa na mafuta asilimia 30 hivi na kuendelea. Maziwa ya kawaida hata uyachape mpaka kesho hayasimami. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka tui la kopo liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, na krimu ya nazi asilimia 20. Pengo hilo huzibwa na friji: kopo likilala humo usiku kucha, mafuta hupanda na kuganda, maji hubaki chini. Hiyo ndiyo kasimile ya mtu asiye na mbuzi wala kifumbu.

Wengi hukwama dukani. Viwanda hutia gamu ya guar ili tui lisijitenge, maana mpika mchuzi anataka kufungua na kumimina. Kwa krimu hiyo ni balaa, hupati cha kuchota. Tafuta kopo lenye nazi na maji tu, na lililopunguzwa mafuta liache palepale rafuni.

Asubuhi lifungue bila kulitikisa. Chota mgando uweke kwenye bakuli lililopoa, tia vijiko vinne vikubwa vya sukari ya unga na vanila kidogo (mimi natia hiliki, ingawa watoto wa huku hununa), kisha chapa kwa mashine dakika moja au mbili. Krimu ikianza kubaki na mistari ya michapo, zima. Ukizidisha, mafuta yanajitenga na unabaki na chengachenga. Paka keki iliyopoa kabisa. Yale maji yaliyobaki kwenye kopo yapikie wali.

Tatizo ni joto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Toronto mwezi wa Januari keki inakaa mezani mpaka wageni waage. Tanga, au hukuhuku Toronto kwenye sherehe ya bustanini mwezi wa Julai, zile kuta hulegea na krimu ikaanza kuteremka ubavuni mwa keki. Kuongeza sukari hakutaizuia.

Kwa joto unahitaji povu lisilotegemea mafuta. Mwaka 2014 mwanamuziki Mfaransa, Joël Roessel, alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa maharage na dengu hutoa povu kama la ute wa yai. Mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akayapa maji hayo jina la akwafaba. Hapa kinachoshika hewa ni protini na wanga zilizotoka kwenye dengu. Yachape na sukari dakika 10 hivi, mpaka povu lisimame wima na kung'aa. Vanila itaficha harufu ya dengu. Adui wa povu hili ni unyevu, kwa hiyo keki ipambwe wageni wakiwa njiani.

Mwenye mtoto mwenye mzio wa maziwa asome kwa makini zaidi, kwa sababu mzio si sawa na tumbo kuvurugika. Tui la unga la pakiti mara nyingi huchanganywa na kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Na Marekani zipo krimu za dukani zilizoandikwa mbele kwamba si za maziwa, ilhali nyuma, kwenye orodha ya viambato, kaseini imo kwa herufi ndogo.