Kuvumilia Pombe Si Kuwa na Kiasi

Huku Makumira, kama katika vijiji vingi vya Meru na Kilimanjaro, pombe haikosekani katika sherehe zetu. Kanisa halilaani kinywaji chenyewe: Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai kule Kana. Hata hivyo Katekismo, namba 2290, inatufundisha kuwa fadhila ya kiasi huepuka kila namna ya kupita kipimo, na kwamba mlevi anayehatarisha usalama wa watu barabarani ana hatia nzito.

Je, kiasi ni kipi? Wengi hukipima kwa kuyumba. Anayekunywa chupa sita akarudi nyumbani wima husifiwa kuwa ana kichwa kigumu. Kipimo hicho kinapotosha.

Kileo huingia katika damu hasa kupitia utumbo mwembamba, kisha hufika kwenye ubongo na ini. Ini hukigeuza kwanza kuwa sumu iitwayo asetaldehidi, ndipo huivunja sumu hiyo, nayo kazi hiyo haina haraka. Bia ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kileo halisi, na mwili huhitaji saa mbili hadi tatu kuziondoa. Kahawa, supu wala maji ya baridi haviharakishi. Hivyo aliyemaliza chupa nne saa nne usiku anaweza kuwa bado na kileo mwilini saa kumi na mbili asubuhi, anapowasha bodaboda kuingia barabara ya Arusha–Moshi.

Basi kichwa kigumu maana yake ni nini? Ni ubongo uliozoea. Viungo vingine vinaendelea kuumia: ini hujaa mafuta, kisha hupata makovu, shinikizo la damu hupanda, na saratani ya koo, ini au matiti hupata nafasi zaidi. Asiyelewa upesi hunywa zaidi, akaumia zaidi. Sifa ile ni dalili ya hatari.

Gongo ni hatari zaidi, kwa kuwa mnywaji hajui nguvu yake. Ikiwa na methanoli hupofusha na kuua; nchini Kenya, Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100.

Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kabisa. Kwa hiyo asiyekunywa asianze. Mama mjamzito, dereva na mtoto wasiguse. Anayekunywa ale kwanza, ahesabu chupa badala ya kusubiri kuyumba, asinywe kila siku, wala asimlazimishe mwenzake.

Neno la mwisho ni kwa familia. Kila Kwaresima wapo wanaoweka nadhiri ya kuacha pombe ghafla. Kwa aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, kuweweseka na degedege, hata kifo. Nadhiri yake ni njema, lakini asiitimize peke yake: mpelekeni kwanza kwa daktari. Kumwona daktari si upungufu wa imani. Kisha msindikizeni kwa sala, bila kumdhihaki, kwani mwili wake pia ni hekalu la Roho Mtakatifu.