Mlango wa Mji wa Mimba

Katika Kiswahili cha zamani, na katika kamusi hadi leo, tumbo la uzazi huitwa mji: mji wa mimba. Mji huwa na mlango, na mlango wa mji huu ndio kiungo ambacho wahudumu wa afya Tanzania hukiita mara mlango wa kizazi, mara shingo ya kizazi. Majina yote mawili ni sahihi, kila moja kwa upande wake. Shingo linaeleza umbo: tumbo la uzazi ni kama kibuyu kilichoinamishwa mdomo chini, na sehemu ile nyembamba inayoingia juu ya uke ndiyo shingo yake. Mlango linaeleza kazi: hapa ndipo hedhi inapotokea, hapa mbegu za mwanamume hupita, na hapa mtoto hutokeza kuja duniani. Tabu iko kwenye jina la tatu, lile linalotumika zaidi mitaani, yaani "kizazi" tupu. Dawa za "kusafisha kizazi" zinanadiwa kote Dar es Salaam, kuanzia meza za dawa za asili za Kariakoo hadi matangazo ya kwenye simu, na neno hilo moja hubebeshwa uke, mlango, mji wenyewe, mirija na hata uwezo wa kupata mtoto. Mwanamke akiambiwa ana tatizo la kizazi, hajaambiwa kitu.

Huo si ubishi wa majina tu. Mlango wa kizazi ndio kiungo cha ndani ambacho muuguzi anaweza kukitazama kwa macho yake, akiwa na taa na kifaa cha kufungulia uke, bila kisu, bila ganzi na bila mashine ya picha. Ini halionekani hivyo, wala mapafu, wala mji wenyewe wa mimba. Hoja yangu ni kwamba maumbile ya kiungo hiki, mahali kilipo na jinsi kilivyoundwa, ndiyo yanayofanya vifo vinavyotokana na saratani yake viwe vifo vya kuepukika. Lakini maumbile hayo hayamsaidii asiyejua kwamba kiungo kipo. Wanaume wamepewa jina lao, tezi dume, na siku hizi linatajwa redioni na vijiweni bila kigugumizi. Wanawake wanastahili kujulishwa lao kwa uwazi uleule.

Basi tukitazame. Urefu wake ni kama sentimita 3 hadi 4. Tofauti na mji wa mimba, ambao ni msuli mnene, shingo hii kwa sehemu kubwa ni nyuzi ngumu zilizofumwa pamoja, na ndiyo maana inaweza kufungwa imara miezi tisa huku uzito wa mtoto ukiielemea. Wakunga wana kipimo chao cha vidole: mlango wa asiye na mimba huguswa kama ncha ya pua, wa mjamzito hulainika kama midomo. Katikati yake hupita mfereji mwembamba wenye tundu la ndani linaloelekea mjini na tundu la nje linaloelekea ukeni. Tundu la nje kwa ambaye hajazaa huwa duara dogo. Kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida hubaki kama mpasuo wa kulala, kana kwamba mtoto ameacha alama ya kupita. Mfereji huo hutoa ute, na ute ndio bawabu. Siku nyingi za mwezi ni mzito na huziba. Siku za yai kupevuka hugeuka mwepesi, wa kuvutika, ili mbegu zipite. Mimba ikiingia, ute huwa kizibo kamili. Siku ya uchungu ikifika, nyuzi zilizokuwa ngumu hulainika, shingo hufupika hadi kuisha, na mlango uliokuwa haupitishi kidole hufunguka sentimita 10. Muuguzi wa wodi ya wazazi anaposema njia imefunguka sentimita nne, anazungumzia kiungo hiki hiki, ingawa mzazi anayeambiwa huenda hajawahi kutajiwa jina lake.

Uzito wote wa habari hii uko kwenye mpaka mmoja mwembamba. Sehemu ya nje ya mlango imefunikwa na seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kama ngozi ya uke. Ndani ya mfereji kuna safu moja tu ya seli ndefu, laini, zinazotoa ute. Aina hizi mbili hukutana karibu na tundu la nje, na tangu msichana abalehe, seli laini zilizojitokeza kwenye uchachu wa uke huanza kugeuka kuwa bapa. Eneo hilo la mageuzi ndilo ambalo kirusi cha HPV hulipendelea, na ndipo saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano wa kirusi hiki na saratani hii. Aina zake mbili, namba 16 na namba 18, ndizo chanzo cha takribani asilimia 70 ya wagonjwa wote wa saratani hii duniani. Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana na kimeenea mno: wengi wetu, wake kwa waume, hukipata wakati fulani, na kwa wengi mwili hukifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kuwa nacho si ushahidi wa uasherati wa mtu. Kinapong'ang'ania ndipo seli huanza kuharibika, na huharibika polepole. Kwa mwenye kinga nzuri, kutoka maambukizi hadi saratani hupita kama miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, yaweza kuwa 5 hadi 10. Mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi ana hatari ya saratani hii mara sita ya asiye navyo.

Miaka 15 ya onyo, mahali panapoonekana kwa macho, na bado inakadiriwa kwamba mwaka 2020 wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliugua saratani hii na zaidi ya 6,000 wakafa. Hakuna saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo yaliyosimama ufukweni tangu enzi za Wajerumani, saratani hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa wagonjwa wanaopokelewa, na wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kutoka mlangoni na kusambaa nyongani. Sababu moja iko kwenye maumbile yaleyale: uso wa mlango hauna hisia kali ya maumivu, kwa hiyo uharibifu wa mwanzo hausikiki. Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu nzito, hizi ni dalili za ugonjwa uliokwisha kuota. Maumivu ya kiuno na kuvimba miguu huja nyuma zaidi. Anayesubiri kuumwa ndipo apime anasubiri kengele isiyofungwa mlangoni hapo.

Kipimo chenyewe kinatumia kitu ambacho kila mpishi wa kachumbari anakijua. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi kimiminika cha asidi ya siki, kilichopimwa asilimia 3 hadi 5, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama. Seli zilizoharibika hugeuka nyeupe. Doa likionekana na halijawa saratani, mara nyingi hutibiwa siku ileile kwa kugandishwa au kwa joto. Wapo wanaosema, na wana haki ya kusema, kwamba jicho la mtu hukosea, na kwamba kipimo cha kutafuta chembe za urithi za kirusi ni bora. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani sasa linakitanguliza hicho. Lakini utafiti uliofanywa Mumbai, India, kwa wanawake wapatao 150,000 na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa kutazama kwa siki, kulikofanywa na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo, kulipunguza vifo kwa asilimia 31. Kungojea kilicho bora huku kilichopo kikikaa bila kutumika ni kuwaacha watu wafe. Maumbile yanaeleza hata umri unaotajwa kwenye mabango, miaka 30 hadi 50: chini ya hapo maambukizi mengi yanajifuta yenyewe, na juu ya hapo ule mpaka wa seli hurudi ndani ya mfereji na jicho halilioni tena eneo la hatari.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la staha. Haya ni mambo ya ndani, watasema, hayasemwi hadharani, na hasa hapa Pwani. Nakubali staha, lakini nakataa kwamba staha ni ukimya. Wazaramo, wenyeji wa ardhi iliyokuja kuwa Kariakoo, walimweka mwali ndani na kumkabidhi mwanahiti, kinyago cha mbao kinachohusu uzazi, na mjini kungwi na somo waliwafunda wasichana mambo ya mwili kwa nyimbo, mafumbo na maneno ya wazi panapostahili. Jamii hiyo ilijua kwamba mwanamke hawezi kukabidhiwa mwili wake bila kufundishwa. Kilichopungua ni somo la hiki kiungo kimoja, ambacho hakikujulikana kwa kutazamwa hadi vifaa vya kukitazamia vilipopatikana. Kungwi wa leo angeweza kuliongeza katika mafunzo yake bila kuvunja mwiko wowote. Angeweza pia kuonya juu ya kujiosha ndani na kujiingizia unga, majani au vipande vya kubana: uke hujisafisha wenyewe, uchachu wake ni ulinzi, na kuuondoa hukaribisha maambukizi. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kuweka inayosafisha HPV.

Na kuhusu uvumi kwamba chanjo ya HPV hufunga uzazi, jibu liko palepale mlangoni. Chanjo haigusi mji wa mimba wala mayai. Huufundisha mwili kukitambua kirusi kabla hakijafika kwenye ule mpaka wa seli, ndiyo maana hutolewa kabla msichana hajaanza kujamiiana. Kinachoweza kweli kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, ambayo matibabu yake ya mionzi au upasuaji mkubwa huufunga mji moja kwa moja. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Baadhi ya ushahidi wa dozi moja ulitoka hapa hapa nchini, kwa wasichana 930 wa Mwanza walioshiriki utafiti uitwao DoRIS.

Lakini aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2018 atatimiza 30 mwaka 2034. Wanawake wanaouza vitenge leo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, wanaopika chakula cha wachuuzi, wanaofungua maduka alfajiri na kufunga usiku, wengi wao walipita umri wa kuchanjwa kabla chanjo haijafika. Kwao kilichopo ni siki, taa na dakika moja. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko ukingoni mwa Kariakoo, Amana iko Ilala, na Ocean Road ina kliniki yake ya uchunguzi. Mwanamke akifika mapokezi, hana haja ya kusema ana tatizo la kizazi. Aseme amekuja kupimwa mlango wa kizazi.