Umepangiwa upasuaji wa bawasiri? Anza na choo laini

Unaishi Milimani, Nakuru, unashinda umekalia kiti mbele ya kompyuta, na sasa daktari amekupangia upasuaji wa bawasiri. Usione haya, wala usingoje siku ya kisu. Anza leo: githeri, sukuma wiki, papai na maji ya kutosha. Haja ikikubana, nenda. Simu iache nje.

Baada ya upasuaji, wengi huogopa msala. Hapo ndipo mambo huharibika: choo kinakaa, kinakauka, kidonda kinauma zaidi. Dawa za maumivu zenye kodeini pia hufunga choo, kwa hivyo mwombe daktari ya kulainisha. Ukitoka msalani, kalia maji vuguvugu dakika 10 hadi 15. Ukivuja damu nyingi, ukipata homa au mkojo ukigoma, rudi hospitalini mara moja.